Wiki Moja na Mto Mara: Anzia Ziwani, Upande Nao Hadi Kwa Nyumbu

Mtanzania aliyewahi kuuona Mto Mara mara nyingi aliuona kupitia dirisha la basi. Gari limeshuka, limepita daraja la Kirumi, abiria wawili watatu wameinua simu wapige picha ya mafunjo, na kabla kamera haijafunguka basi limeshapanda ng'ambo ya pili kuelekea Tarime. Mwingine aliuona kwenye televisheni, nyumbu wakijitosa majini na mamba wakingoja. Mto ni huohuo. Kati ya daraja lile na nyumbu wale kuna wavuvi, mashamba ya mtama, mgodi wa dhahabu, vilima vya mawe na vijiji vya Tarime na Serengeti ambavyo msafiri wa kawaida hafiki. Mwongozo huu ni wa kuipita nchi hiyo kwa siku saba, bila haraka, maji yakiwa karibu nawe karibu kila siku.

Kusini mwa China, mkoani Guangxi, watu hutoka duniani kote kuufuata mto Li kutoka Guilin hadi Yangshuo. Ni mwendo wa kilomita 83 hivi kwa mashua, katikati ya vilima vya mawe ya chokaa, na Wachina wanauthamini kiasi cha kuiweka mandhari yake kwenye noti yao ya yuan 20. Wenzetu wanaufuata mto. Sisi wetu tunaukatiza tu na kuendelea na safari zetu. Basi ushauri wangu mkubwa, ambao mengine yote hapa chini yanautegemea, ni kwamba upange wiki yako kwa kuufuata Mara, na uufuate kwa kupanda, kutoka Ziwa Victoria kwenda Serengeti.

Waandaaji wa safari wengi hufanya kinyume: hifadhi kwanza, na vijiji baadaye kama muda upo. Matokeo yake muda haupo. Mtu akishaona simba na nyumbu, hana tena hamu ya kusimama kwenye kivuko cha kijiji akaangalia ng'ombe wakinywa maji. Na fedha nazo zimekwisha, kwa sababu hifadhi ndiyo sehemu ya gharama. Ukianzia chini, siku tano za kwanza zinakugharimu nauli, chakula na gesti za kawaida, na unafika Kogatende, kaskazini mwa Serengeti ambako nyumbu huvuka mto, ukiwa umeshajua maji unayoyaona yanakwenda kwa nani.

Kwanza uujue mto wenyewe. Urefu wake ni kama kilomita 395. Unaanzia kwenye kinamasi cha Enapuiyapui, juu katika misitu ya Mau nchini Kenya, na vijito viwili vikubwa vya Amala na Nyangores ndivyo vinavyokutana kuufanya Mara. Unapita Maasai Mara, unavuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, unatoka hifadhini na kuzitenganisha wilaya za Tarime na Serengeti, kisha unatawanyika kwenye kinamasi kipana cha mafunjo kabla ya kumwagika ziwani karibu na Musoma. Theluthi mbili hivi za bonde lake ziko Kenya, theluthi moja iko kwetu. Na kwa kuwa Ziwa Victoria ndilo linaloulisha Mto Nile, maji yanayopita Kirumi leo yako njiani kuelekea Misri.

Kuhusu majira, chagua kati ya Julai na mwanzoni mwa Oktoba. Huo ndio wakati ambao makundi ya nyumbu yako kaskazini, barabara za vumbi zinapitika, na kinamasi kinaonyesha njia zake. Masika, yaani Machi hadi Mei, nchi ni ya kijani na inapendeza kweli, lakini udongo mweusi wa hifadhini hunasa magari, na daraja la chini la Kogatende hufunikwa na maji. Ukiweza, weka safari yako izunguke tarehe 15 Septemba. Siku hiyo ni Siku ya Mara, inayoadhimishwa kila mwaka tangu 2012 chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikipokezana uenyeji. Utakutana na wataalamu wa maji, wanafunzi, wakulima na wazee wa mila mahali pamoja, na maswali yako yote kuhusu mto yatapata wa kuyajibu.

Ukitokea Mwanza asubuhi, usiende moja kwa moja Musoma. Shuka Kiabakari, chukua gari la Butiama, uone Makumbusho ya Mwalimu Nyerere na kaburi lake pale Mwitongo. Mwalimu alizaliwa kijijini hapo tarehe 13 Aprili 1922 na akarudishwa hapo kuzikwa baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Saa mbili au tatu zinatosha, na mawe makubwa yaliyopandana nyuma ya nyumba yatakuandaa kwa vilima utakavyoviona wiki nzima. Jioni lala Musoma.

Siku ya pili ni ya ziwa na mlango wa mto. Nenda mwaloni Mwigobero alfajiri, wakati mitumbwi ya usiku inarudi na dagaa. Kutoka hapo kuna usafiri wa majini kwenda Kinesi, upande wa Rorya, na safari hiyo inavuka Ghuba ya Mara yenyewe, palepale mto unapoishia. Panda. Ukiwa katikati ya ghuba, geuka uangalie mashariki: ziwa linajikunja na kuingia nchi kavu, na mwisho wake utaona ukanda wa kijani. Huo ndio mwanzo wa kinamasi, na huko ndiko unakoelekea. Kabla ya kupanda chombo chochote omba jaketi la kuokolea, na ulivae. Upepo wa mchana ziwani si wa kuchezea. Ukitaka maji yaliyotulia, kamilisha kwenda na kurudi kabla ya saa sita.

Baada ya hapo, Kirumi ipe nusu siku nzima, japo wengine watakushangaa. Daraja liko kwenye barabara kuu ya kwenda Sirari na linaunganisha wilaya za Butiama na Rorya. Panda Hiace stendi ya Bweri, mwambie konda akushushe darajani. Anza kwa kusimama juu ya daraja upande wa juu wa maji, mbali na magari, kwa sababu malori yanapita kasi. Mto hauonekani kama mto. Unaona uwanda wa mafunjo yaliyosongamana, vichwa vyake vikiwa kama nywele zilizotimka, na katikati yake mfereji wa maji ya rangi ya chai yanayokwenda polepole mno. Mtumbwi mmoja unatokea ghafla ndani ya majani, mwenye nao amesimama nyuma akisukuma kwa pondo, na tumboni mwa mtumbwi kuna kambare na kamongo waliolala juu ya tope, bado wakifumba na kufumbua midomo. Kamongo ana mapafu. Anaweza kukaa nje ya maji muda mrefu kuliko unavyodhani, na mvuvi hatakuwa na haraka naye.

Ukitaka kuingia kinamasini, usimkodi kijana wa kwanza anayekufuata. Waulize wauza samaki nani kiongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinacholinda rasilimali za uvuvi, naye atakupa mtu mzima anayejua njia. Njia hubadilika, kwa sababu visiwa vya mafunjo huelea na kuhama. Salamu kwanza, bei baadaye. Ukisema, "Shikamoo mzee, naomba unizungushe kidogo nione ndani," utaitikiwa, "Marahaba mura, ngoja nimalize nyavu," na hapo tayari mmeelewana. Viboko na mamba wamo, kwa hiyo ukiambiwa mrudi, mrudi.

Kinamasi hiki kimepanuka sana tangu miaka ya 1970. Misitu ya Mau ilipokatwa na miteremko ikalimwa, mvua ilianza kushusha udongo mwingi zaidi. Udongo huo hutulia huku chini ambako mto umechoka, na mafunjo huota juu yake. Mashamba na malisho ya zamani yamemezwa na maji. Mwezi Machi 2022 maji ya hapa Kirumi yaligeuka meusi na samaki wakafa kwa wingi. Kamati iliyoundwa na serikali ilitaja kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza kuwa chanzo, na mjadala wake ulikuwa mkali mkoani na bungeni. Nakueleza haya kwa sababu wenyeji watakueleza, na ni vizuri uwasikilize ukijua kilichosemwa. Watu hawa wanakula na kunywa kutoka mto huu. Kwao habari ya maji ni habari ya chakula cha jioni.

Siku ya tatu panda Tarime. Hewa inabadilika ghafla: baridi, migomba, kahawa, viazi vitamu, nyumba zilizotawanyika kwenye miteremko. Hapa hakuna mengi ya kupanga. Tembea, kunywa chai, na mchana kula nyama choma kwa kichuri. Hicho ni kimiminika cha kijani kinachotolewa kwenye utumbo wa ng'ombe au mbuzi aliyechinjwa muda huohuo, kikachujwa, kikachemshwa na kutiwa chumvi na pilipili. Ni kichungu. Chovya kipande kidogo kwanza. Kufikia kipande cha tatu ulimi utakuwa umeshazoea, na ugali wa mtama na muhogo utausaidia. Ukiwa na muda wa ziada, Sirari ni mwendo mfupi, na utaona jinsi Wakurya wa Tanzania na wa Kenya wanavyofanya soko moja huku mpaka ukipita katikati yao. Angalizo kwa wanaosafiri Desemba: katika baadhi ya miaka huo ni msimu wa tohara na barabara hujaa maandamano ya nyimbo. Usipige picha za vijana na wasichana hao. Ukeketaji ni kosa kisheria, na wapo wasichana wanaokimbia makwao msimu huo kwenda nyumba salama. Sura ya mtoto kwenye simu yako inaweza kumletea madhara usiyoyajua.

Siku ya nne ndiyo ninayotaka uipe uzito kuliko zote, hata kuliko Serengeti. Kutoka Tarime barabara inakata Mogabiri, inapita Nyamwaga, inashuka Nyamongo, kisha inavuka Mto Mara na kupanda hadi Mugumu. Njia nzima ya Tarime hadi Mugumu ni kama kilomita 87, na lami imekuwa ikiwekwa kwa vipande, kwa hiyo uliza stendi hali ya siku hiyo. Noah na Probox ndizo zinazofanya kazi. Ondoka mapema, njia hii usiisafiri usiku.

Nyamongo utapajua kwa milima isiyo ya asili. Ni miamba iliyochimbwa na kurundikwa na mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Mto Tigithe, unaoingia Mara, unapita jirani. Pita, angalia, usisogelee uzio wala kupiga picha za mgodi. Kuna historia nzito ya uhasama kati ya mgodi na wanaoingia kutafuta mawe ya dhahabu, na mgeni mwenye kamera hueleweka vibaya na pande zote mbili.

Ukishavuka mto uko wilaya ya Serengeti, na hapo shuka. Kata ya Kisaka iko ukingoni mwa Mara, ikitazamana na Tarime ng'ambo. Hakuna hoteli ya kitalii, na usiitafute. Jambo la kwanza ni kwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, kusaini kitabu cha wageni na kueleza kilichokuleta: unataka kuuona mto, kulala usiku mmoja, kuondoka kesho. Ni utaratibu wa nchi nzima, lakini huku una faida ya ziada, kwa kuwa mtendaji au mwenyekiti atakupa mtu wa kukusindikiza na atajua nyumba yenye nafasi ya mgeni. Nenda na sukari, majani ya chai na sabuni kwa ajili ya mwenyeji wako. Fedha mpe mama wa nyumba asubuhi ya kuondoka, kimyakimya, na si mbele ya watu.

Shuka mtoni kati ya saa tano na saa saba mchana, wakati ng'ombe wanapelekwa kunywa. Utasikia kengele kabla hujaona kitu, halafu vumbi, halafu kundi linateremka kwa njia iliyochimbika kwa kwato hadi imekuwa mfereji. Wachungaji hupiga mluzi na kurusha mawe majini kwanza, kwa sababu ya mamba, ndipo ng'ombe wanaruhusiwa. Pembeni kidogo, juu ya mkondo wa mifugo, kina mama na watoto wanachota maji kwa vikombe na kujaza madumu, wanayafunga kwenye punda, mawili kila upande, na punda anajua njia ya kurudi bila kuongozwa. Angalia rangi ya maji ndani ya kikombe. Huku yana udongo mwekundu na yanakwenda kasi, yanaviringisha matawi; yakifika Kirumi yatakuwa yamekuwa ile chai iliyotulia. Simama umbali wa hatua kumi kutoka ukingoni, na usioge mtoni hata ukiwaona vijana wanaoga. Wao wanajua mamba alionekana wapi jana; wewe hujui.

Jioni waulize wazee habari za Borenga. Ni kijiji cha hapahapa, na kwa miaka mingi umekuwapo mpango wa kujenga bwawa hapo kwa ajili ya maji, umwagiliaji na umeme, chini ya ushirikiano wa nchi za Bonde la Nile. Utapata maoni ya kila namna: nani atahama, mashamba gani yatafunikwa, maji yatabaki kiasi gani kwa walioko chini. Uliza pia habari za mafuriko ya zamani, za miaka ambayo mto ulikatika ukabaki madimbwi, na za wakati ambao wanyama walikuwa wanafika hadi mashambani kwa makundi makubwa. Wengi wa wazee wa upande huu ni Wangoreme, ndugu wa karibu wa Wakurya, wenye kumbukumbu ndefu ya ardhi hii tangu kabla ya mipaka ya hifadhi. Wapo wanaopiga litungu, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito ya chini, na ukipata bahati ya kulisikia usiku, zima simu.

Siku ya tano songa hadi Mugumu, makao makuu ya wilaya. Njiani, kama una gari lako au bodaboda unayoiamini, pinda uone chemchemi za Majimoto, mvuke ukipanda kutoka kwenye mawe, halafu endelea. Mugumu ni mahali pa kujipanga na si pa kutalii. Jaza mafuta, toa fedha benki, nunua maji, mkate, matunda na mkaa ikiwa utapika kambini, kwa sababu ndani ya hifadhi maduka ni ya kuhesabu na bei zake ni za juu.

Hapa ndipo gari linapoanza kuwa gharama kuu. Hifadhini hutembei kwa miguu wala kwa bodaboda. Unahitaji gari la juu lenye nguvu ya magurudumu manne, na dereva aliyezoea njia za kaskazini. Mkiwa watano au sita mkagawana Land Cruiser, gharama inabebeka kwa mfanyakazi wa kawaida. Ukiwa peke yako, tafuta kikundi mapema, au uliza Mugumu kama kuna gari lenye nafasi; mwisho wa wiki huwa rahisi zaidi. Andika makubaliano na mwenye gari: siku ngapi, mafuta ya nani, kibali cha gari na chakula cha dereva vinalipwa na nani. Mengi ya magomvi ya safari huanzia kwenye jambo lililoachwa bila kusemwa.

Ada za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya zile anazolipa mgeni kwa dola, ila lazima uthibitishe uraia. Beba kitambulisho cha taifa, si picha yake kwenye simu pekee. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, kupitia benki au simu, na si kwa fedha taslimu, kwa hiyo salio liwepo kabla hujafika langoni, maana mtandao unaweza kukusumbua hapo. Kibali huhesabiwa kwa saa 24 tangu unapoingia. Ukiingia saa mbili asubuhi, saa mbili ya kesho yake deni jipya limeanza.

Ingia siku ya sita alfajiri. Lango la Ikoma ndilo linalojulikana zaidi na linakupeleka Seronera; kwa anayekwenda kaskazini moja kwa moja, lango la Tabora B linapunguza mwendo. Ukipita maeneo ya Ikoma na mto Grumeti, vaa nguo za rangi ya udongo au majani. Nyeusi na bluu huvuta mbung'o, na mbung'o wa huku wanauma kupitia suruali. Si maumivu tu, kwani malale bado yapo katika ukanda huu.

Lengo lako ni Kogatende. Serengeti ni kubwa, kilomita za mraba 14,763, na dereva atakushawishi mzunguke Seronera mtafute chui. Mkatalie kwa upole. Umeufuata Mto Mara kwa siku tano. Nenda ukauone mahali unapotoka Kenya. Ng'ambo yake kuna uwanda wa Lamai, kisha mpaka. Usipange kuvuka kuingia Maasai Mara kwa njia hiyo, kwani tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977 watalii hawapitishwi hapo. Wa kwenda Kenya hurudi Sirari.

Kuvuka kwa nyumbu hakuna ratiba. Makundi hukusanyika ukingoni, hurudi nyuma, hukusanyika tena, na inaweza kupita siku nzima bila mmoja kuingia majini. Kinachowafanya wavuke ni nyasi: mvua imenyesha upande wa pili, nao wanaifuata. Kaa na gari lenu mbali na ukingo, injini imezimwa, mkingoja kimya. Julai 2025 video za watalii walioshuka kwenye magari na kuziba njia ya nyumbu zilisambaa duniani kote na kuwaudhi wengi, na zilistahili kuudhi. Mnyama akikuta watu pale alipozoea kupandia, hurudi kwenye maji yenye mamba au hujaribu mahali penye ukingo mkali. Dereva wako akitaka kusogea ili ufurahi, mwambie abaki alipo.

Wakivuka, baadhi watazama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa nyumbu zaidi ya 6,000 kwa wastani huzama Mto Mara kila mwaka. Tai, marabu na mamba hula sehemu yao, nyama laini huliwa na samaki na wadudu ndani ya wiki chache, na mifupa huendelea kuyeyuka taratibu kwa miaka, ikirutubisha maji. Ng'ombe uliowaona Kisaka wananywa kutoka mkondo huohuo, na kambare wa Kirumi wanaishi mwisho wake.

Lala kambi ya umma, Lobo au Seronera, kwa hema. Usiku usitoke hemani bila tochi, na chakula kisilale ndani ya hema. Gari lisizidi kilomita 50 kwa saa, na liwe limeegeshwa kabla giza halijaingia. Droni haziruhusiwi bila kibali.

Siku ya saba ina njia mbili, na fedha ndiyo itakayokuamulia. Mwenye kibali cha siku mbili ateremke magharibi, afuate Grumeti hadi Kirawira, ambako mamba wakubwa hulala kwenye madimbwi ya kiangazi, kisha atokee lango la Ndabaka, lililo kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Kutoka hapo Lamadi ni karibu, na mabasi ya Mwanza yanapita hadi jioni. Mwenye kibali cha saa 24 atoke kwa lango aliloingilia, apite Natta na Issenye hadi Bunda, apande basi hapo. Vyovyote iwavyo, mwambie dereva aanze safari ya lango mapema kuliko anavyodhani inatosha. Tembo akisimama barabarani unamngoja, na saa ya kibali haisimami.